Kutoa gari kuukuu kwa hisani kabla ya Desemba 31: je, kodi itapungua?

Swali

Kaka, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunaishi Louisville, Kentucky. Tuna Toyota Corolla ya 2011 tuliyoinunua mwaka 2019 kwa dola 7,000. Giaboksi imeanza kusumbua na tumeshapata gari jingine. Kila nikifungua redio nasikia tangazo: toa gari lako kwa hisani kabla ya mwaka kuisha, tunakuja kulibeba bure, upate punguzo la kodi. Kelley Blue Book, mwongozo wa bei za magari, inaonyesha gari kama letu ni dola 3,500. Tukilitoa kabla ya Desemba 31, 2025, tutarudishiwa hizo 3,500? Mapato yetu sote wawili ni kama dola 84,000. Mwaka huu riba ya mkopo wa nyumba ni 7,400, kodi za jimbo na za nyumba jumla 5,500, na zaka kanisani 6,000. Mume wangu aliendesha Uber na gari hilo 2022 na 2023, sijui kama hilo linahusu. Kanisani kuna familia ya Kikongo iliyofika mwaka jana, haina usafiri. Naye shemeji yangu anataka tumpakilie kwenye kontena tumpelekee Mombasa. Tufanyeje?

Jibu

Dada, pole na giaboksi, na hongera kwa moyo wa kutoa. Hapana, hamtarudishiwa dola 3,500. Kwa hesabu ulizonipa, hata mkilitoa gari hilo leo, kodi yenu ya serikali kuu ya 2025 itabaki palepale ilipo, haitashuka hata senti moja (ya jimbo la Kentucky ina hesabu yake). Tangazo la redio limekupa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayowahusu ninyi.

Kwanza, makato si marejesho. Ukiwa na makato ya dola 1,000, mapato yanayotozwa kodi ndiyo yanayopungua kwa dola 1,000. Serikali haikuandikii hundi ya kiasi hicho. Kwa kipato chenu, dola zenu za juu zinatozwa asilimia 12, kwa hiyo makato ya dola 1,000 yangewaokolea dola 120. Hiyo ni kama makato yenyewe yanahesabiwa, na ya gari lenu hayatahesabiwa.

Sababu ni hii. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inamruhusu kila anayefaili ritani, yaani fomu za kodi za mwaka, achague njia moja kati ya mbili. Njia ya kwanza ni makato ya kawaida, kiasi kilichowekwa na sheria ambacho hakidai risiti yoyote. Kwa 2025, baada ya sheria mpya iliyosainiwa Julai 4, kiasi hicho ni dola 31,500 kwa mume na mke wanaofaili pamoja, 23,625 kwa mkuu wa kaya, na 15,750 kwa aliye peke yake. Njia ya pili ni kuorodhesha kimoja kimoja kwenye Jedwali A: riba ya nyumba, kodi za jimbo na kaunti, zaka na misaada. Gari la hisani linaingia kwenye njia hiyo ya pili tu.

Sasa chukua kalamu. Riba 7,400, kodi 5,500, zaka 6,000, jumla 18,900. Ongeza gari, tena kwa bei yote ya Blue Book, mnafika 22,400. Bado mko nyuma ya 31,500 kwa dola 9,100. Mkiorodhesha mtakuwa mmeitupa 9,100 kwa hiari yenu. Mtachukua makato ya kawaida, na gari halitaonekana popote kwenye ritani ya serikali kuu.

Watu wengi wa jamii yetu wako hapo hapo mlipo ninyi, na wanaopanga nyumba wako mbali zaidi kwa kuwa hawana riba ya kuorodhesha. Msimu mmoja alinijia baba mmoja, dereva wa malori. Fomu yake ya gari alikuwa ameihifadhi kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha ndoa. Alikuwa ametoa Honda Odyssey aliyoithamini dola 4,000. Kwenye fomu, kisanduku 4c, cha bei ambayo shirika liliuza gari, kilisema 640. Nilipomweleza kuwa hata hiyo 640 haitamsaidia, alikaa kimya, kisha akaniambia kuwa mdogo wake alikuwa akienda kazini kwa mabasi mawili kila asubuhi, na gari lile angempa yeye kama angejua. Nimelibeba neno hilo, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Kwa kuwa kodi ya serikali kuu haibadiliki, swali linalobaki ni nani atafaidika na gari. Hapo mna uhuru ambao wanaoorodhesha hawana. Mtu anayetaka makato lazima atoe kwa shirika linalotambuliwa na IRS na lazima awe na makaratasi. Ninyi mnaweza kumkabidhi gari mtu mnayemtaka, mkono kwa mkono. Zawadi ya gari la bei hiyo haina kodi wala fomu ya zawadi upande wa serikali kuu, kwa maana kiwango cha mwaka 2025 ni dola 19,000 kwa kila mpokeaji.

Ile familia ya Kikongo, basi, inaweza kupewa moja kwa moja. Lakini tafadhali, kwanza lipelekeni gari kwa fundi. Kama tatizo ni oili ya giaboksi au solenoidi, litengenezeni kisha litoeni. Kama giaboksi nzima imekufa, msiwape. Mgeni asiyejua gereji, ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, ukimpa gari litakalozimika barabarani mwezi wa pili umempa deni la bredauni na la spea. Nimeona familia ikitumia pesa zake za kodi ya nyumba kufufua gari la zawadi. Tena waambieni waziwazi gari lina nini, na kwamba wanapaswa kukata bima kabla ya kuligusa.

Shemeji naye asikasirike. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, wala gari la usukani wa kushoto, isipokuwa kwa matumizi maalumu. Corolla yenu imekwama kwa yote mawili kabla hata ya kuuliza nauli ya kontena. Na hata lingekubalika, zawadi kwa ndugu haina makato, na msaada uliotumwa moja kwa moja kwa kanisa au msikiti wa Afrika Mashariki nao hauna. Lazima upitie shirika la Marekani lenye mamlaka halisi juu ya matumizi yake.

Hayo yanatosha kwa gari lenu. Lakini najua barua hii itasomwa na wauguzi wenye mikopo mikubwa ya nyumba, na wenye biashara, ambao jumla yao inapita kile kiasi cha kawaida. Kwao gari la hisani lina maana kweli, na wengi hukosea kwenye thamani.

Zamani mtoaji alikuwa akifungua kitabu cha bei, anaandika anachokiona, mambo yamekwisha. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa. Katika karibu theluthi mbili ya hayo, shirika la hisani lilikuwa limepata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo mtoaji aliiandika kwenye ritani. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2004, na tangu Januari 1, 2005, ukidai zaidi ya dola 500, makato yako ni bei ambayo shirika limeliuza gari. Blue Book inabaki kuwa dari tu.

Na bei hiyo huwa ndogo, kwa sababu gari haliendi kwa mnunuzi wa mtaani. Bredauni inalibeba, linalala yadi, linaingia mnadani pamoja na mikweche mingine mamia, dalali anachukua chake, na kinachobaki ndicho kinachofika kwenye shirika. Jambo moja liko upande wako: kinachohesabiwa ni bei ya mauzo kabla ya kukata ada za dalali. Likiuzwa 1,200 na shirika likabaki na 700, makato yako ni 1,200. Lakini kama unajali watoto au wagonjwa uliowasikia kwenye tangazo, uliza kabla ya kutoa: kati ya kila dola ya mnada, ninyi mnabaki na senti ngapi? Shirika linalojiheshimu litakujibu.

Gari likiuzwa dola 500 au pungufu, kuna unafuu. Hapo unaruhusiwa kuandika thamani yake halisi sokoni, ila isizidi 500. Lenye thamani ya 450 likiuzwa 300, unaandika 450. Lenye thamani ya 1,500 likiuzwa 300, unaandika 500.

Thamani kamili ya soko inaruhusiwa kwa njia tatu. Shirika lilitumie gari lenyewe kwa kazi zake, kwa mfano kupeleka chakula kwa wazee kila siku kwa muda wa maana. Au lilifanyie matengenezo makubwa yanayopandisha thamani, na kuosha, kupiga rangi au ukarabati mdogo havihesabiwi. Au, na hii ndiyo naipenda zaidi, limpe mtu mwenye uhitaji bure au kwa bei ya chini sana, kama sehemu ya kazi yake ya kusaidia maskini wasio na usafiri. Yapo mashirika yanayoishi kwa kazi hiyo. Good News Garage ilianza Vermont mwaka 1996, na Vehicles for Change iko Maryland. Wanatengeneza gari, wanalikabidhi kwa familia yenye kipato kidogo, mzazi anafika kazini. Kwa mtu anayeorodhesha, njia hii inampa makato makubwa zaidi na inampa mtu gari. Mnada haufanyi yote mawili.

Thamani ya soko maana yake ni bei ya kuuziana mtu na mtu, ya gari la mwaka uleule, aina ileile na hali ileile. Ile 3,500 uliyoiona, dada, ni ya gari zima. Gari lenye giaboksi mbovu lina bei yake nyingine, na IRS ikikuuliza, picha na karatasi ya fundi ndizo zitakazokutetea.

Kanisa linaweza kuwa mpokeaji? Ndiyo. Makanisa na misikiti inakubalika hata kama haimo kwenye orodha ya IRS ya mashirika yaliyosajiliwa. Ila kuna mtego ambao nimewaona watu wema wakinaswa nao. Ukiliambia kanisa, “Chukueni gari hili mumpe fulani,” umempa fulani, hukulipatia kanisa, na makato yanaanguka. Gari lazima liwe la kanisa kwelikweli, taito, yaani hati ya umiliki, iandikwe jina la kanisa, na kamati ya kanisa iamue yenyewe nani mwenye uhitaji zaidi. Unaweza kutamani, huwezi kuelekeza. Na mweka hazina ajue kuwa atatakiwa kujaza Fomu 1098-C na kuipeleka IRS.

Fomu hiyo ndiyo roho ya jambo zima. Bila hiyo, au taarifa ya shirika yenye maelezo yaleyale, hakuna makato yanayozidi 500, hata uwe na barua nzuri ya shukrani yenye muhuri. Ikikufikia, isome kabla ya kuiweka kabatini. Tarehe uliyotoa, maili, namba ya chesisi, vyote vilingane na gari lako. Kisanduku 4c ni bei ya mauzo. Kisanduku 5a kikiwa na alama, maana yake shirika linakusudia kulitumia au kulifanyia matengenezo makubwa. Kikiwa na alama 5b, linakwenda kwa mwenye uhitaji. Cha 7 kikiwa na alama, usidai zaidi ya 500. Shirika lina siku 30 za kukuletea fomu, tangu siku ya mauzo, au tangu siku uliyotoa kama gari halikusudiwi kuuzwa. Unaambatisha nakala yake kwenye ritani, na vitu vyote visivyo fedha ulivyotoa vikizidi jumla ya 500, unaongeza Fomu 8283. Gari linalodaiwa zaidi ya 5,000 kwa thamani ya soko linahitaji mthamini. Likidaiwa kwa bei ya mauzo, halihitaji.

Mwaka unaohesabiwa ni ule uliokabidhi gari. Bredauni ikilichukua Desemba 30 na mnada ukafanyika Februari, makato ni ya 2025. Ukipiga simu Desemba 30 na wakaja Januari 3, makato ni ya 2026. Siku hizi za mwisho wa mwaka foleni ya bredauni ni ndefu, basi usingoje sikukuu ipite. Na kama Aprili 15 imefika na gari halijauzwa, omba muda wa miezi sita kwa Fomu 4868, au faili bila makato hayo kisha urekebishe kwa Fomu 1040-X fomu ikishafika. Kumbuka tu kuwa 4868 inaongeza muda wa kufaili, haiongezi muda wa kulipa unachodaiwa.

Usikabidhi taito yenye nafasi tupu ya mnunuzi, hata dereva wa bredauni akikuambia ndivyo wanavyofanya. Andika jina la shirika mwenyewe. Kentucky saini ya taito inathibitishwa mbele ya notari, na uhamisho unafanyika ofisi ya karani wa kaunti. Hata mkiipa ile familia moja kwa moja, nendeni nao pamoja mpaka dirishani, muulize ada na kodi ya kuhamisha umiliki, muulize na pleti namba. Bima yenu isitisheni baada ya hapo, si kabla. Nina mteja aliyeletewa faini za maegesho za gari alilotoa miezi mitano nyuma, kwa sababu jina lake lilikuwa bado kwenye kompyuta ya jimbo.

Umefanya vizuri kutaja Uber, ingawa hukujua. Wenzetu wengi wanaoendesha Uber na Lyft wanakosea hapa. Mume wako alipodai makato ya gharama za gari kwa kila maili ya biashara, kwa kiwango cha kawaida cha IRS, ndani ya kila maili kulikuwa na uchakavu wa gari: senti 26 mwaka 2022, senti 28 mwaka 2023. Tuseme mume wako aliendesha maili 12,000 za biashara kila mwaka. Hizo ni dola 3,120 na 3,360, jumla 6,480. Na tuseme gari lilikuwa la biashara kwa nusu, yaani 3,500 ya zile 7,000 mlizolipa. Uchakavu umeila hiyo 3,500 yote. Upande wa biashara, gharama ya gari mbele ya IRS imebaki sifuri.

Kwa hiyo, kama mngekuwa mnaorodhesha na gari likauzwa mnadani 1,200, msingeandika 1,200. Nusu ya biashara, dola 600, mngeiondoa, kwa sababu mlishapunguziwa kodi kwa gari hilohilo mlipodai maili. Na mkiliuza wenyewe kwa 1,200, ile 600 ya biashara inahesabiwa mapato, kodi yake kwa asilimia 12 ni dola 72. Nusu ya binafsi haina kodi, mmeiuza kwa hasara. Mkilitoa zawadi kwa familia, hakuna mauzo, hakuna mapato ya kuripoti. Tafuteni daftari la maili au ritani za miaka hiyo miwili, namba halisi zimo humo.

Sasa nikuambie jambo ambalo lina pesa kwenu kuliko Corolla, na hukuliuliza. Kuanzia mwaka 2026, anayechukua makato ya kawaida ataruhusiwa kuongeza juu yake misaada ya fedha: hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja, hadi 2,000 kwa wanaofaili pamoja. Gari halimo, nguo hazimo, ni fedha tu, na ziende kwa kanisa, msikiti au shirika la hisani la umma. Ninyi mnatoa zaka 6,000 kwa mwaka, na kwa 2025 haiwapunguzii kodi ya serikali kuu. Mwaka ujao 2,000 yake itahesabiwa, na kwa asilimia 12 hiyo ni dola 240, kila mwaka. Wanaoorodhesha wao watakuta kizingiti kipya: kuanzia 2026 misaada inahesabiwa ile tu inayozidi nusu ya asilimia moja ya mapato yao, kwa hiyo kwao kutoa gari kabla ya Desemba 31 hii kuna faida kidogo.

Lakini fedha isiyo na ushahidi haihesabiwi. Noti iliyotumbukizwa kwenye kapu, hata kwa moyo safi, haina karatasi. Toeni kwa hundi, kwa benki, au kwa bahasha yenye namba yenu, na toleo moja likifika dola 250 muwe na barua ya kanisa inayosema hamkupewa kitu kwa malipo. Mwone mweka hazina wenu kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwaka, Januari 4, akuandikishie bahasha zenu. Na fundi akishalitazama gari, niandikie alichosema kuhusu giaboksi, nitakuambia kama linafaa kwenda kwa ile familia au kwenye chuma chakavu.